Katalogi za Maktaba Zinatuficha Vitabu Vyetu

Mpwa wangu, binti wa dada yangu anayekaa Majengo, Pumwani, alinijia hivi majuzi na daftari tupu mkononi. Mwalimu wao wa Historia alikuwa amewaagiza wanafunzi waandike insha kuhusu chimbuko la mtaa anakotoka kila mmoja wao, na akawasisitizia kwamba hakutaka masimulizi ya barazani peke yake. Alitaka pia waonyeshe wamesoma nini. "Shikamoo mjomba," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia akaongeza: "Majengo haijaandikwa."

Nikamwuliza amejuaje. Akanieleza kwamba alikuwa ameifungua katalogi ya maktaba moja ya hapa jijini kwa simu ya mamake, katalogi ile ambayo mtu huweza kuipekua popote penye mtandao, akaandika neno "majengo". Aliletewa orodha ya vitabu vya uhandisi, kanuni za ujenzi wa nyumba na ripoti ya ukaguzi wa mabweni ya shule. Akajaribu tena, akaandika "historia ya Majengo". Mara hii skrini ilimjibu kwa Kiingereza kwamba hakuna kilichopatikana. Haikuongeza neno. Muda si muda bando likaisha, na mtoto akaondoka na hitimisho ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelifikia: kama maktaba yenyewe inasema hakuna, basi hakuna.

Msomaji, binti huyu hakukosea popote. Alitumia jina ambalo kwao huitwa, katika lugha ambayo kwao huzungumzwa. Kosa lilikuwa la katalogi, ambayo haikujua kwamba katika Kiswahili nomino ya kawaida yaweza kuwa jina la mahali pasipo kubadilika hata herufi. Tena si pahali pamoja tu. Iko Majengo ya Mombasa, iko ya Nyeri, na ukivuka mpaka utaikuta Moshi na Dodoma. Mkutubi wa kibinadamu angaliulizwa swali lile lile angemtazama mtoto usoni, angeona sare ya shule, na angeuliza: "Majengo ipi, mwanangu?" Katalogi haikuuliza.

Na ukweli ni kwamba Majengo imeandikwa, tena imeandikwa sana kuliko mitaa mingi ya Nairobi. Pumwani ilipangwa na serikali ya kikoloni baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ili Waafrika waliokuwa wametawanyika katika vijiji vya Kaburini, Maskini, Mombasa na Pangani wakusanywe mahali pamoja. Pangani ilikuwa ya mwisho kubomolewa, mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wake wengi wakahamia Shauri Moyo. Mwaka 1968 Kenneth McVicar aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, tasnifu ya uzamifu kuhusu Pumwani na jinsi makazi ya Waafrika yalivyokua Nairobi. Katika miaka ya 1970 Janet Bujra aliandika kuhusu wanawake wa mwanzo wa Nairobi waliojenga na kumiliki nyumba, ambao wengi wao walikuwa wa Pumwani. Mwaka 1990 Luise White alitoa kitabu chake The Comforts of Home, kilichojengwa kwa kiasi kikubwa juu ya mazungumzo na wazee wa mitaa hii, wake kwa waume, ambao wengi wao sasa hawako duniani. Vizazi vya ukoo wa mpwa wangu vimo humo ndani, kama si kwa majina basi kwa hali zao. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilivyovitaja chenye neno Majengo katika anwani yake, na cha mwisho hakina hata neno Pumwani. Wapangaji wa vitabu wamekiweka chini ya mada ya ukahaba, Kenya, Nairobi, historia. Nao wamekiweka sawasawa, kwani ndiyo mada ya kitabu. Swali langu ni hili: je, mwanafunzi wa sekondari, na tena binti, ataanza utafiti wa asili ya kwao kwa kuandika neno hilo?

Kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, wamekuwa wakichunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi miongoni mwa wanawake wa Majengo. Uchunguzi huo umeifaa sayansi ya ulimwengu mzima, nami sina neno la kuubeza. Lakini makala zake ni nyingi, na zimepangwa vizuri kwa mada zilizo wazi. Kwa hiyo mtu akiandika "Pumwani" katika hazina kubwa za makala, kinachomlaki kwanza ni maradhi na hospitali ya kujifungulia. Nyumba za udongo zilizojengwa na akina nyanya, misikiti, vyama vya ngoma na siasa za kabla ya uhuru vimezama chini, ukurasa wa nne au wa tano, mahali ambapo hakuna afikaye. Kinachotangulia kwenye skrini hugeuka kuwa ndiyo maana ya mahali penyewe. Mpangilio wa matokeo si jambo la mafundi wa tarakilishi peke yao.

Sisi tuliosoma zama za kadi tunakumbuka makabati yale ya mbao yenye droo ndogo ndogo. Sitaki kuyasifu kupita kiasi, kwa maana yalikuwa na vumbi, na kadi uliyoihitaji mara nyingi ilikuwa imechomolewa na mwanafunzi mwenzako asiyekutakia heri. Kampuni ya OCLC ya Marekani, iliyokuwa ikizichapia maktaba nyingi za dunia kadi hizo, ilichapisha za mwisho mwezi Oktoba 2015, wala hakuna aliyelia. Hata hivyo, droo zile zilikuwa na kitu kimoja ambacho tarakilishi nyingi za maktaba zimekitupa. Ulikuwa ukipekua herufi fulani, ukakuta kadi isiyo na kitabu chochote, iliyoandikwa tu: tazama mahali fulani. Ukitafuta Suaheli, tazama Kiswahili. Ukitafuta James Ngugi, tazama Ngũgĩ wa Thiong'o. Kadi hiyo ilikuwa ni mkutubi aliyekwenda zake nyumbani akakuachia ujumbe. Aidha, hata ulipokosa ulichokitaka, vidole vyako vilikuwa vimepita juu ya kadi za jirani, ukajua pembeni pana nini. Hakuna droo iliyowahi kumjibu mtu kwamba hakuna kilichopatikana kisha ikajifunga.

Wanaosimamia maktaba wataniambia kwamba kadi hizo za "tazama" hazikutupwa. Zimo ndani ya tarakilishi, katika faili za majina na mada zilizothibitishwa. Ni kweli. Zimo, lakini katika katalogi nyingi nilizozipekua hazimfikii msomaji. Mkutubi huziona akiwa kazini. Msomaji akiandika jina lisilo rasmi, programu haiendi kuchungulia huko. Ni sawa na kuweka alama za barabarani ndani ya ghala la baraza la mji. Charles Cutter, mkutubi wa Boston aliyetoa kanuni zake za katalogi mwaka 1876, alikwisha kusisitiza kwamba manufaa ya msomaji yatangulie wepesi wa kazi ya mpangaji. Karibu karne moja na nusu baadaye, bado tunamtaka msomaji ajue jina rasmi la anachokitafuta kabla hajakitafuta.

Sasa niingie katika shamba langu mwenyewe, maana hapa ndipo isimu inaponiwasha. Kiingereza hubadili maneno yake mkiani. Mtu akiandika herufi za mwanzo za neno kisha akaweka nyota, mashine itamletea maneno yote yanayoanza hivyo: akiweka nyota baada ya "librar", atapata maktaba moja, maktaba nyingi na mkutubi kwa pamoja. Mwaka 1980 Mwingereza Martin Porter alichapisha kanuni za kukata mikia hiyo kwa tarakilishi, ili msomaji asihitaji hata hiyo nyota, na kanuni hizo au nduguze zimo katika mitambo mingi ya kutafutia mpaka leo. Lakini Kiswahili, kama jamaa zake wa Kibantu, hubadilika kichwani. Kitabu ni kimoja, vitabu ni vingi. Mtu anayeandika "mwalimu" hapati walimu, sembuse ualimu. Chukua ushairi, somo ambalo kila mwalimu wa Kiswahili huliogopa au hulipenda: shairi, mashairi, ushairi, mshairi, washairi. Jamaa hawa watano wa tumbo moja wametawanywa katika herufi nne za alfabeti, na katalogi haina habari kwamba wanajuana. Usiniulize kuhusu jino na meno, ukuta na kuta, jambo na mambo.

Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili zoezi dogo. Niliwaambia watafute katika katalogi ya mtandaoni vitabu vyote vinavyohusu methali, kila mtu kivyake, kisha walete hesabu. Aliyeandika "methali" alipata idadi yake. Aliyeandika "mithali" akapata nyingine. Aliyetumia Kiingereza akapata kubwa kuliko zote, na miongoni mwa vyake vilikuwemo vitabu vilivyoandikwa kwa Kiswahili kuanzia jalada hadi jalada. Naam, ili kupata kitabu cha Kiswahili kilichotungwa na Mswahili kwa ajili ya Waswahili, ilibidi uulize kwa Kiingereza! Sababu yake si fumbo. Mada za vitabu hivyo zimeandikwa kwa Kiingereza, na neno lililomo katika anwani huenda likawa "misemo" au "nahau" au "hekima".

Tatizo la kichwa cha neno si geni kwetu. Watunzi wa kamusi walipambana nalo zamani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyakusanya maneno chini ya mzizi wake, hata ukimtaka msomaji unamkuta nyumbani kwa soma. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilichagua njia nyingine: kila nomino iingie kwa umbo lake la umoja, msomaji chini ya M, kitabu chini ya K. Wapo wanaopenda njia ya kwanza na wapo wanaopenda ya pili, lakini zote mbili zilifikiriwa, na kila mwalimu wa darasa la nne humfundisha mtoto kwamba asitafute "vitabu" chini ya V. Katalogi zetu hazikuchagua njia yoyote. Zimeiga lugha nyingine, zikatuachia sisi kubahatisha.

Wala si kwamba dawa haijulikani. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, alichapisha mwaka 1992 maelezo ya namna tarakilishi inavyoweza kuichambua mofolojia ya Kiswahili, ijue kwamba "wanasomeshana" imetokana na soma. Hiyo ni zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na maktaba haihitaji hata utaalamu mkubwa kiasi hicho. Orodha ya maneno elfu chache, yenye umoja na wingi na majina mbadala, ingetosha kwa kuanzia. Nani wa kuiandaa? Hapo nainamisha kichwa. Wanaisimu tumeandika kuhusu ngeli hadi ngeli zenyewe zimechoka. Tumebishana kama ni nane au kumi na nane, tumepata shahada na vyeo, mimi nikiwa mmojawapo, lakini sijui lini mmoja wetu alibeba orodha ya umoja na wingi akaipeleka kwa mkutubi akamwambia: chukua, itakufaa.

Majina ya watu nayo yana kisirani chake. Kanuni za kigeni hupenda kuligeuza jina, la mwisho liwe la kwanza, na kanuni hiyo humfaa John Smith. Shaaban Robert hakuwa wa ukoo wa Robert kwa maana wanayoijua Wazungu, wala hakuna Mswahili anayemwita "Robert" akaeleweka. Hata hivyo kuna orodha zinazomweka chini ya S na nyingine chini ya R, na hutokea orodha moja ikamweka kotekote, nusu ya vitabu vyake huku na nusu kule. Hebu fikiria basi Wazanzibari watatu: Mohamed Said Abdulla, aliyetuletea Bwana Msa na Mzimu wa Watu wa Kale, Mohamed Suleiman Mohamed, na Said Ahmed Mohamed. Mwanafunzi anayekumbuka tu "Mohamed" na "Said" atawachanganya watatu hao hadi jua litue, kwa sababu skrini humwonyesha mstari wa majina yaliyogeuzwa bila mwaka wa kuzaliwa, bila kutaja hata kitabu kimoja mashuhuri cha kumtofautisha huyu na yule. Kuongeza maneno matatu mbele ya jina, "mtunzi wa" pamoja na anwani ya kitabu, ni gharama gani?

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka mwaka 2025, ni mtihani kamili wa katalogi. Vitabu vyake vya awali vilitoka kwa jina la James Ngugi. Jina lake la baadaye lina alama juu ya herufi ambazo kibodi ya simu ya kawaida haina. Riwaya aliyoiandika kwa Kikuyu ilitoka mwaka 1980 ikiitwa Caitaani Mũtharaba-inĩ. Yeye mwenyewe akaitafsiri kwa Kiingereza ikawa Devil on the Cross mwaka 1982, na mwaka huo huo Waswahili wakaipata kama Shetani Msalabani. Kazi ni moja, sauti ni tatu. Katalogi ya kawaida huzionyesha kama vitu vitatu visivyo na uhusiano, na mwanafunzi aliyekuta kwamba nakala ya Kiingereza imeazimwa huondoka bila kujua kwamba ya Kiswahili imekaa rafuni inamsubiri. Ndivyo ilivyo pia kwa Nyerere na tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari: mtu aandikaye Julius Caesar huenda asiione kamwe. Shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lilitoa mwaka 1998 mwongozo unaotenganisha kazi yenyewe na sura zake mbalimbali, ili skrini iweze kuonyesha kwanza kazi, kisha chini yake tafsiri na matoleo yote. Yapata miongo mitatu imepita. Mwongozo ni mzuri, ila wanafunzi wangu bado hawajauona kwenye skrini.

Walimu wenzangu wa sekondari wana kilio chao ambacho sitakieleza kwa urefu, kwa kuwa wanakijua kuliko mimi: ukiandika jina la riwaya inayotahiniwa, huletewa miongozo sita ya kuichambua kabla ya riwaya yenyewe, na asiyejua huazima mwongozo akidhani ndiyo riwaya.

Niseme kidogo kuhusu kupekua, maana kutafuta na kupekua si kitu kimoja. Anayetafuta anajua anachokitaka. Anayepekua anataka kujua kuna nini, na wasomaji vijana wengi ni wa aina hii ya pili. Katika mpangilio wa Dewey, lugha ya Kiswahili imepewa nambari 496.392 na fasihi yake 896.392. Kiingereza kina uwanja mzima wa 420 hadi 429. Lugha nyingi za Afrika zimebanwa ndani ya 496 kama abiria wa matatu saa za jioni. Hayo yalipangwa Marekani katika karne ya 19 na sitazamii yabadilike upesi. Ila katalogi ya mtandaoni haifungwi na ufinyu wa rafu. Inaweza kumwonyesha kijana, kwa kubonyeza mara moja, rafu nzima ya 896.392 ikiwa na majalada yake, kutoka kushoto hadi kulia, kana kwamba amesimama mbele yake. Inaweza kumwachia achuje kwa lugha, kwa mwaka, kwa mtaa. Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina kilionyesha mwaka 2006 kwamba kuchuja kwa namna hiyo kunawezekana katika katalogi ya maktaba, na wengi wakafuata. Lakini mchujo wa lugha ni bure iwapo aliyeingiza kitabu cha Kiswahili aliacha alama ya Kiingereza iliyokuwepo tangu mwanzo. Nimeona riwaya za Kiswahili zilizosajiliwa kama za Kiingereza. Ukichuja kwa Kiswahili, zinatoweka zote.

Nililipeleka shauri hili kwa mkutubi mmoja mzoefu, mtu wa haki. Alinisikiliza, kisha akanijibu kwa upole ulionifedhehesha kidogo. Alisema wao huchukua maelezo ya vitabu yakiwa tayari kutoka katalogi za ng'ambo, kwa sababu kuandika upya maelezo ya kila kitabu kungehitaji watu ambao hawapo na mishahara ambayo haipo. Alisema vitabu vya Kiswahili visivyojulikana huko ng'ambo ndivyo hukaa ghalani muda mrefu zaidi, vikisubiri mtu wa kuviandikia. Akamalizia kwa kusema kwamba wasomaji wenyewe hawaulizi; hukimbilia Google. Hoja ya kwanza na ya pili nazikubali. Ya tatu naikataa. Google haijui kilichomo rafuni Kaloleni. Vilevile, wasomaji hawaulizi kwa sababu walipouliza walijibiwa kwamba hakuna.

Kaloleni sikuitaja kwa bahati. Kutoka Majengo ni mwendo wa miguu tu. Maktaba yake na ile ya Makadara ni matawi ya maktaba ya McMillan iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1931, ambayo kwa miaka mingi haikumruhusu Mwafrika kuingia kusoma. Shirika la Book Bunk lililoanzishwa mwaka 2017 limeyakarabati matawi hayo mawili ya Eastlands kwa ushirikiano na serikali ya jiji, na watoto wanajaa humo. Mlango uliokuwa umefungwa kwa rangi ya ngozi umefunguliwa, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini mtu akiisha kuvuka kizingiti, kuna mlango wa pili, nao umefungwa kwa lugha. Nasema haya kuhusu nchi yote, si kuhusu matawi hayo.

Fedha zinazohitajika si za kujenga ghorofa. Maktaba nyingi duniani, zikiwemo za Afrika Mashariki, hutumia programu iitwayo Koha, iliyoanza kazi Januari 2000 katika maktaba za wilaya ya Horowhenua, New Zealand. Jina lake ni la Kimaori, na maana yake ni zawadi. Programu hii hutolewa bure, na yeyote mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Anaruhusiwa kuyatafsiri maneno yake yote, likiwemo lile tangazo la kwamba hakuna kilichopatikana. Ningependa tangazo hilo lifutwe kabisa, na badala yake liwekwe swali na njia: Je, ulikuwa na maana ya mtaa wa Majengo, Nairobi? Tazama Pumwani. Au: Hatuna neno hilo, lakini hivi hapa vitabu vilivyo jirani nalo. Ukurasa wenyewe uwe mwepesi, usio na picha kubwa, kwa kuwa kijana wa Eastlands huulipia kwa shilingi na senti. Kompyuta za vyuo vikuu hazijui hesabu hiyo.

Kwa upande wetu, nimewaambia wanafunzi wangu wa muhula huu kwamba sitapokea tena tasnifu fupi inayorudia ubishi wa idadi ya ngeli. Kila mmoja atachukua uwanja mmoja, uvuvi au mapishi au mitaa ya Nairobi au ushairi, akusanye maneno ambayo watu huyatumia wanapotafuta habari zake: umoja, wingi, tahajia za zamani, majina ya mtaani, na neno rasmi ambalo maktaba imelichagua. Yule mkutubi mzoefu ameahidi kuyaingiza katika faili yake ya "tazama", mia moja kila mwezi, kwa kuwa zaidi ya hapo hawezi. Walimu wa sekondari wanaweza kufanya vivyo hivyo na madarasa yao, kwa maana hakuna ajuaye maneno anayoyatumia mtoto kutafuta kitabu kuliko mtoto mwenyewe. Ningewaomba waandike pia maneno yaliyoshindwa. Maktaba ikijua watu waliuliza nini wasijibiwe, itajua pa kuanzia.

Mpwa wangu nilimpeleka Jumamosi iliyofuata, tukakaa mbele ya mashine moja, akaandika "Pumwani" kwa mkono wake. Alisoma orodha yote hadi mwisho bila kusema kitu, kisha akaniuliza kwa nini hawakuandika tu Majengo. Insha yake ameiandika. Ukurasa wa nyuma wa daftari ameanza kukusanya majina ambayo nyanyake huyatumia kwa sehemu za mtaa na vijiji vilivyobomolewa, na juu ya ukurasa ameandika Kaburini, akaweka alama ya kuuliza, maana nyanya na jirani yake hawakubaliani hasa kilikuwa upande gani wa mto.